Redio za upepo za kukodisha: leseni ya masafa ni ya nani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina biashara ya kukodisha mahema, viti na muziki hapa Tanga mjini. Juzi nimenunua redio za upepo za mkononi 24, za UHF (masafa ya juu sana), wati 5, nizikodishe kwenye harusi, mbio za barabarani na mechi za Mkwakwani. Aliyeniuzia amesema chaneli 16 zimo tayari, leseni haihitajiki kwa sababu ni za muda mfupi, na zina msimbo wa siri (code) kwa hiyo hakuna atakayeniingilia. Sasa kuna mkandarasi wa Chongoleani anataka redio kumi kwa wiki tatu, na kabla ya bei ameniuliza leseni ya masafa. Je, inanihusu mimi au yeye? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mkandarasi amekuuliza swali la maana, na afadhali limekuja kabla redio hazijatoka dukani.

Redio ni mali yako, una risiti. Masafa, yaani njia ya mawimbi ambayo redio husemea, si mali yako. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa hutolewa na kusimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kuyatumia bila leseni ni kosa la jinai. Ukibonyeza kitufe cha kusemea kwa dakika moja harusini, umeshatumia masafa. Aliyekwambia muda mfupi unakusamehe leseni amekupoteza.

Hizo chaneli 16 ni masafa ya kiwandani. Zimewekwa ili mnunuzi awashe asikie sauti, basi. Aliyezipanga hakujua kama Tanga masafa yale yana mwenyewe: kampuni ya ulinzi, kiwanda, au taasisi ya umma. Wengine husoma mtandaoni kwamba Ulaya kuna masafa ya bure, megahezi 446.0 hadi 446.2. Ni kweli, lakini huko ni kwa redio ya nusu wati yenye antena isiyong'oka. Zako ni za wati 5, mara kumi ya hapo, kwa hiyo hata Ulaya kwenyewe zisingeruhusiwa.

Sasa huo unaoitwa msimbo wa siri. Nakuomba uuelewe vizuri, maana umeshaleta hatari. Ni toni ndogo inayosafiri chini ya sauti. Redio yako ikipokea mawimbi yasiyo na toni ile, inanyamaza. Kumbe yule mwingine bado yupo hewani! Umeziba sikio lako tu, hukumwondoa. Mkisema wakati mmoja, mwenye mawimbi yenye nguvu ndiye anayesikika na mwingine anamezwa. Na toni zenyewe ni chache, zinajulikana, watu wawili kuchagua moja ni jambo la kawaida.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa miaka ya nyuma. Nilikodisha redio kwa kazi ya ujenzi, zikarudi, nikasahau kufuta masafa na toni ya mteja. Wiki ileile zikaenda harusini, jirani na eneo la kazi. Vijana waliokuwa wanashusha viti kwenye lori wakawa wanaambiana, "Shusha, shusha." Upande wa pili wa ukuta, mwendesha winchi alisikia neno lilelile, kwa sauti safi, na mzigo ulikuwa bado unaning'inia juu ya watu. Aliyeokoa siku ile ni msimamizi aliyekuwa anamtazama kwa macho na kumpungia mkono asimame. Tangu hapo hakuna redio inayotoka mikononi mwangu bila kusomwa kwenye kompyuta, chaneli moja moja.

Kuhusu leseni ni ya nani, kuna njia mbili. Ya kwanza, mteja ana masafa yake. Makampuni makubwa ya ujenzi na bandari mara nyingi wanayo. Hapo unaziingiza redio zako kwenye masafa yake kwa muda wa mkataba. Dai nakala ya leseni na uisome: tarehe ya mwisho, eneo, nguvu kwa wati, idadi ya redio. Ikisema vituo 20, yaani redio 20, naye anazo 20 tayari, zako kumi haziingii mpaka aongezewe. Zikirudi, futa.

Ya pili, wewe unaomba masafa kwa jina la biashara yako. Andika wazi kwenye maombi kwamba ni kwa ajili ya kukodisha kwa muda mfupi, maeneo gani, redio ngapi. Usiombe kama mtumiaji wa kawaida halafu ukawapa wengine kimyakimya, kwa sababu leseni haihamishiki kwa mtu mwingine bila idhini ya Mamlaka. Ambatanisha maelezo ya kiufundi ya redio, na hakikisha aina hiyo imeidhinishwa na TCRA. Kama haijaidhinishwa, maombi yatakwama hapo. Usiwachapishie watu matangazo kabla ya barua kutoka.

Eneo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Masafa uliyopewa kwa Tanga mjini, Bagamoyo yanaweza kuwa ya mtu mwingine, hivyo ukipata kazi ya tamasha kule, usibebe redio ukaondoka. Horohoro nako hakuko mbali: mteja akivuka mpaka na redio zako, leseni ya Tanzania imeishia pale.

Uingereza wana utaratibu ambao naupenda. Mamlaka yao, Ofcom, hutoa leseni nyepesi kwa wauzaji na wakodishaji, pauni 75 kwa miaka mitano, na redio inaweza kukaa kwa mteja hadi mwaka mmoja bila yeye kuomba yake. Lakini masafa yale wanachangia wote wenye leseni hiyo na hakuna anayehakikishiwa utulivu. Kwa winchi, nisingekubali.

Siku ukinunua za VHF, yaani za masafa ya chini kuliko hizo za UHF, kuwa mwangalifu zaidi, maana sisi ni watu wa pwani. Megahezi 156.8 ni chaneli namba 16 ya vyombo vya majini, ya kuomba msaada. Mjini kwenye majumba redio ya mkononi hufika kilomita moja au mbili, lakini juu ya maji, watu wawili waliosimama ufukweni na chomboni wanaweza kusikiana hadi kilomita kumi hivi. Mtoto akichezea redio Raskazone, nahodha anamsikia. Kwa hiyo fungia kabisa uwezo wa kubadili masafa kwa vitufe. Mteja awe na chaneli zake tu.

Kwa kazi ya Chongoleani, mwombe huyo mkandarasi nakala ya leseni yake leo. Akiwa nayo na nafasi ipo, niletee redio kumi pamoja na ile nakala, tufute za kiwandani tuingize zake. Akiwa hana, mwambie ukweli kwamba na wewe bado hujapata, na usizitoe redio.