Kwa nini kipimo cha metali ya risasi kimepanda ghafla katika kisima kimoja cha uangalizi?

Swali: Tunachukua sampuli za maji ya chini ya ardhi katika visima vya uangalizi kila baada ya miezi 3. Safari hii kisima kimoja kimeonyesha risasi karibu mara 10 ya kipimo kilichotangulia, ilhali visima vya jirani havijabadilika. Tunachota kwa mrija wenye vali uliofungwa kamba, tunatia asidi ya nitriki papo hapo, kisha maabara huchuja sampuli kabla ya kupima metali zilizoyeyuka. Je, uchafuzi umeongezeka kweli?

Jibu: Inawezekana, lakini kwa utaratibu mlioueleza jibu hilo haliwezi kutolewa bado, kwa sababu asidi imetangulia chujio.

Risasi hushikamana kwa urahisi na chembe za udongo na kutu. Asidi inaposhusha pH (kipimo cha uasidi) hadi chini ya 2, risasi hiyo hubanduka kwenye chembe na kuingia majini, na maabara ikichuja baadaye huondoa tope ambalo limekwisha kuacha mzigo wake ndani ya chupa. Kinachoandikwa kwenye ripoti kuwa ni risasi iliyoyeyuka huenda kilikuwa tope tu. Kwa metali zilizoyeyuka, maji yachujwe palepale kisimani kwa chujio la mikroni 0.45 lililounganishwa kwenye mpira wa pampu, maji ya kwanza yanayopita yamwagwe, kisha ndipo asidi itiwe.

Kuchelewa kuchuja nako kuna hasara yake. Maji yenye chuma na yasiyo na oksijeni hutoka kisimani yakiwa maangavu kabisa, lakini yakikaa wazi kwa muda huanza kugeuka manjano, na hatimaye vumbi jembamba la rangi ya kutu hutua chini ya chupa. Vumbi hilo hunasa risasi na aseniki, kwa hiyo sampuli iliyochujwa baada ya hapo huonyesha kiasi pungufu. Mkihitaji pia jumla ya metali, jazeni chupa ya pili isiyochujwa, nayo itiwe asidi mara moja.

Tope lenyewe, kwa maoni yangu, linaletwa na mrija. Kila unaposhushwa na kuvutwa husukuma maji ndani ya bomba la kisima kwa nguvu na kutibua mashapo ya chini, na kiasi kinachotibuka hutegemea mkono wa anayevuta siku hiyo. Ningewashauri mtumie pampu ya mwendo wa polepole, mdomo wake ukiwa katikati ya sehemu ya bomba yenye matundu, ikitoa lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, huku kina cha maji kikifuatiliwa ili kisishuke zaidi ya takriban mita 0.1. Sampuli ichukuliwe vipimo vitakapotulia katika usomaji 3 mfululizo, kila baada ya dakika 3 hadi 5: pH isiyumbe zaidi ya 0.1, upitishaji umeme usibadilike zaidi ya asilimia 3, na oksijeni iliyoyeyuka pamoja na kiwango cha tope visibadilike zaidi ya asilimia 10.

Kama mrija ndio pekee mlio nao, ushusheni taratibu bila kuuachia udondoke, na kwanza ondoeni maji yaliyolala bombani, kwa kawaida mara 3 ya ujazo wake. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, hivyo maji yenye kimo cha mita 6 ni lita 12, na ya kuondolewa ni lita 36. Kina cha maji kipimwe kabla ya yote hayo, na visima safi vitangulie vile vinavyoshukiwa.

Kwa sasa, tafuteni daftari la uwandani mwone kama maji ya siku ile yaliandikwa kuwa na tope. Kisha rudieni kisima hicho kwa chupa mbili, iliyochujwa na isiyochujwa, pamoja na sampuli rudufu na chupa ya maji safi ya maabara iliyopitishwa katika vifaa vilevile, chujio likiwemo. Risasi ikiwa juu katika chupa isiyochujwa peke yake, shughulikieni mashapo ya kisima. Ikibaki juu hata katika maji yaliyochujwa vizuri, na ile chupa ya maji safi haina kitu, ongezeko hilo ni la kweli na mamlaka husika ijulishwe bila kungoja awamu ijayo.