Vumbi la kuku haliishii bandani

Wanaoanza kufuga kuku uani huuliza sana kuhusu chakula, chanjo na mayai. Ni maswali ya maana. Lakini kuna upande mmoja ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni yale yanayotokea ndani ya nyumba baada ya kuku kufika: friji inayonguruma kutwa bila kupumzika, mashine ya kufulia inayogoma kumwaga maji, soketi inayotoa harufu ya kuungua. Kwa uzoefu wangu, ukishaleta kuku nyumbani, vyombo vyako vya umeme navyo vinaingia kwenye ufugaji, upende usipende. Anayelijua hilo mapema huokoa fedha, na wakati mwingine huokoa kundi zima.

Nianze na vumbi, kwa sababu ndilo mzizi wa mengi. Kuku hutengeneza vumbi lake mwenyewe. Unyoya mpya huota ukiwa umefungwa ndani ya ala nyembamba, na kuku anapojichambua kwa mdomo ala hiyo husagika ikawa unga mweupe. Ongeza hapo magamba ya ngozi, kinyesi kilichokauka, unga wa chakula na maranda yanayoparurwa tangu asubuhi. Vifaranga ndio wanaozidi, maana katika wiki chache tu wanaacha malaika waliyoanguliwa nayo na kuota manyoya kamili. Ukiwaweka ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi, utaona rafu na meza zimepata ukungu wa kijivu siku hiyo hiyo uliyofuta.

Vumbi hilo huvutwa na kila chombo chenye feni au chenye joto, na friji ndiyo huumia kwanza. Friji hufanya kazi kwa kutoa joto lililo ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba membamba yaliyo nyuma au chini yake. Mabomba yakifunikwa, joto halina pa kutokea. Yetu ilipoanza kunguruma usiku na mchana, fundi aliisogeza kutoka ukutani, akapitisha kidole juu ya bomba. Kidole kilitoka na utando mnene wa kijivu, laini, wenye vinyoya vidogo vya njano vilivyonasa ndani yake. Friji ilikuwa imevishwa blanketi. Hakubadilisha kipuri hata kimoja. Alichomoa plagi, akasugua mabomba kwa brashi ndefu yenye nywele laini, akafyonza vumbi lililobaki kwenye feni ya kompresa, akairudisha huku akiacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Jioni ile ilianza tena kuzima na kuwaka yenyewe, ndivyo friji nzima inavyotakiwa kufanya.

Kwa hiyo, kabla hujakubali kununua kompresa mpya, angalia mabomba. Kwa mfugaji mwenye vifaranga ndani, kuyasafisha kila mwezi si kazi ya kupindukia. Angalia na mpira wa mlango. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukazana, mpira umelegea au una uchafu, na hewa ya joto inaingia. Mara nyingi maji ya sabuni na kitambaa vinatosha.

Hapa ndipo ninaposema bila kumung'unya maneno: vifaranga wasikae jikoni. Najua jikoni kuna joto na kuna mtu wa kuwaangalia. Lakini kuku anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na vumbi la kinyesi chake linatua palepale unapokatia chakula kisichopikwa. Watafutie stoo, varanda iliyozibwa au chumba chenye mlango unaofungika. Vyombo vyao vya maji visioshwe kwenye sinki ya jikoni. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapowashika, na wasiwabusu, hata wakilia kwa kukatazwa.

Tukiwa bado kwenye friji, kuna mayai. Yai linapotagwa huwa na utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda. Yai safi ambalo halijaoshwa hukaa vizuri nje ya friji mahali pa baridi kwa wiki 2 au zaidi. Ukiliosha, utando unaondoka, hivyo liende moja kwa moja kwenye friji. Maji ya kuoshea yawe na joto linalozidi kidogo lile la yai lenyewe, kwa sababu maji ya baridi hufanya kilicho ndani kinywee na uchafu ukafyonzwa kupitia ganda. Na yai likishaingia friji lisirudishwe kukaa nje. Litatoa jasho, na unyevu huo huwafungulia bakteria njia. Lipange ncha iliyochongoka ikitazama chini, kwenye rafu ya ndani. Rafu ya mlangoni, ingawa imetengenezewa mayai, ndiyo inayopigwa na joto kila mlango unapofunguliwa. Mayai ya kutotolesha hayahusiki na haya yote: hayo huhifadhiwa kwenye nyuzi 13 hadi 18, na friji ya kawaida ni baridi mno kwao.

Kisha chanjo. Hili ndilo linalonifanya niiheshimu friji kuliko chombo kingine chochote nyumbani. Chanjo hai za mdondo, wengine huuita kideri, kwa kawaida zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji iliyochoka ikipanda hadi nyuzi 15, maziwa yatachacha na utajua. Chanjo haitakuambia. Ikishakufa haina harufu, haina rangi iliyobadilika; utawapa kuku wako kwa moyo mmoja, watakunywa, na ugonjwa ukija utawakuta hawana kinga. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati na ukisome kila siku, hasa msimu wa joto. Chanjo ikae kwenye kikopo chenye kifuniko, mbali na chakula, mbali na mlango, wala isigusane na sehemu ya barafu, kwa sababu zile zisizo hai zenye mafuta huharibika zikiganda. Umeme ukikatika usifungue fungue: friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa 4 hivi, friza iliyojaa hushika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukirudi, ngoja dakika kadhaa kabla ya kuichomeka tena, ili presha ndani ya kompresa itulie na mtikisiko wa kwanza wa umeme upite.

Mashine ya kufulia ina malalamiko ya aina yake. Nguo za bandani huingia na maranda, punje na manyoya, na sabuni haiyeyushi hata kimoja kati ya hivyo. Dalili huwa ileile: mashine inafua vizuri, halafu inasimama ikiwa imejaa maji, inalia. Kwenye mashine nyingi zinazofunguka mbele, chini kabisa kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake ndipo lilipo chujio la pampu. Zima, chomoa plagi, subiri maji yapoe, tandika taulo na bakuli bapa, fungua polepole. Nililotoa mimi lilikuwa na bonge la maranda yaliyovimba, na nyuma yake shina la unyoya wa bawa lililojipachika katikati ya mapanga ya pampu, limenyooka vilevile, limezuia kila kitu kisizunguke. Nililivuta kwa koleo, pampu ikaanza.

Tangu hapo nguo za bandani hukung'utwa nje na kupigwa brashi kabla ya kuvuka mlango, viatu hubaki nje, na zile nguo hufuliwa peke yake, kamwe si pamoja na vitambaa vya jikoni. Ukishuku utitiri, fua kwa nyuzi 60. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za vichanja mchana na hutoka usiku kunyonya damu, na kitambaa ulichofutia banda kinaweza kuuhamisha hadi ndani.

Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani isipelekwe bandani. Vumbi la kule ni jembamba mno, huziba mfuko na kuingia kwenye mota. Blenda nayo ina kazi mfugaji anayoipenda, ya kusaga maganda ya mayai kwa ajili ya madini ya kalsiamu. Ni wazo jema, kwani kuku anayetaga huhitaji takribani gramu 4 za kalsiamu kwa siku, lakini ganda hula makali ya kisu. Yakaushe vizuri kwenye oveni, yatavunjika kwa kinu au kwa chupa bila kuigusa blenda.

Sasa joto la vifaranga, ambalo ndilo jambo la hatari kuliko yote. Wiki ya kwanza wanataka karibu nyuzi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yatimie. Kipimajoto kinasaidia, lakini wao wenyewe ni kipimo bora: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wakihema mdomo wazi, wamezidiwa na joto, wakitawanyika wakila na kulala popote, wapo sawa. Taa ya joto ya wati 250 iliyofungwa kwa kibanio peke yake, juu ya maranda makavu, ni moto unaosubiri kuanguka. Ifunge kwa mnyororo, kisha uiwekee kamba ya pili ya tahadhari isiyoshika moto. Ukiweza kupata bamba la joto, ambalo vifaranga hujikunyata chini yake, chukua hilo. Linatumia umeme kidogo sana na haliwashi maranda.

Angalia pia balbu unayonunua. Baadhi hupakwa utando wa PTFE ili zisivunjike, utando uleule wa vikaango visivyogandisha chakula. Ukipata joto kali hutoa moshi usioonekana ambao unaua ndege upesi, kwa sababu mapafu yao huchukua hewa kwa wingi na kwa haraka kuliko yetu. Kikaango kitupu kilichosahaulika jikoni kinaweza kuua vifaranga walio chumba cha pili. Hii ni sababu nyingine ya kuwaweka mbali na jiko.

Kwa mwenye mashine ya kutotolesha, shida kubwa ni umeme wenyewe. Mashine yenye feni inatakiwa kushika nyuzi 37.5 kwa siku 21, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha upande hadi 65 au 70 siku za mwisho. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji au pampu ya maji. Kompresa inapowaka huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na mashine ndogo inaweza kujizima au kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani bila wewe kujua. Umeme ukikatika, usifungue kifuniko kutazama. Funika kwa blanketi, ila matundu ya hewa yaachwe wazi, kwa kuwa vifaranga walio karibu kuanguliwa wanapumua na wanatoa joto lao wenyewe. Mayai huvumilia kupoa kwa saa chache, tofauti na watu wengi wanavyodhani. Yasichovumilia ni joto lililozidi nyuzi 40, kwa hiyo usipandishe kipimo ili kufidia muda uliopotea. Iache irudi yenyewe, kisha uyapime mayai kwa tochi baada ya siku kadhaa kabla ya kuyatupa.

Halafu panya. Panakomwagika chakula cha kuku, panya atafika, na meno yake ya mbele hayaachi kukua, hivyo lazima atafune, na waya wa umeme kwake ni kijiti tu. Nyaya zinazokwenda bandani zipite ndani ya bomba gumu, na soketi ziwe juu, zenye kifuniko, mbali na maji na vumbi. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6, kwa hiyo kuziba ukuta peke yake hakutoshi. Chakula nacho kifungiwe. Chombo bora nilichopata kwa kazi hiyo ni friza ya kulala iliyokufa. Ni chuma, ina kifuniko kizito chenye mpira, na panya hana pa kuanzia. Iweke kivulini ili ndani kusitoe jasho na kuotesha ukungu, na uondoe kabisa kitasa au kufuli linalojifunga, maana mtoto akiingia humo kucheza anaweza kukosa hewa. Usijaze kupita mahitaji pia. Kuku mmoja anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 10 humaliza mfuko wa kilo 50 kwa karibu wiki 6, na chakula kikikaa zaidi ya hapo vitamini zake huanza kupungua.

Fundi akija nyumbani kwako, mwambie mwanzoni kabisa kwamba unafuga kuku na vifaranga wapo wapi. Ataanza kutafuta kwenye vumbi na kwenye nyaya kabla hajafungua kitu cha gharama. Kabla hajaondoka, muombe akuonyeshe jinsi ya kufungua kifuniko cha nyuma cha friji na kuondoa chujio la mashine ya kufulia, uvifanye mwenyewe mbele yake, plagi ikiwa imechomolewa.