Kamera za nje zitakuona wewe na jirani yako kabla hazijamwona mwizi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kamera za nje zinasaidia kweli au ni pambo la ukutani, ufunge aina gani kwenye nyumba yako mpya huko Kibada, na ufanyeje na mama watoto asiyetaka kusikia habari za kamera pamoja na jirani aliyeanza kununa kabla fundi hajafika. Wakuu wengine humu jukwaani wamekujibu vizuri kuhusu aina. Mimi naanza na hilo la mwisho, maana ndilo litakaloamua kama kamera zako zitadumu au utazishusha mwenyewe.

Naishi nazo miaka kadhaa sasa, hukuhuku Kigamboni. Kamera inafanya kazi usiku na mchana. Mwizi anaweza kuja mara moja katika miaka mitano, anaweza asije kabisa. Wanaopita mbele yake kila siku ni mkeo akianika nguo, watoto wakirushiana maji bombani, dada wa kazi akitoka na khanga kwenda genge, mama mkwe amekaa barazani na ndugu zake. Shemeji anapokataa, hakatai ulinzi. Anauliza nani atakuwa anamtazama, akiwa wapi, na picha zinakwenda wapi. Hayo yanahitaji majibu ya wazi kabla hujatoa hela.

Kwangu tulikubaliana hivi: programu ipo kwenye simu mbili tu, yangu na ya mke wangu, na yeye ana uwezo wote nilio nao mimi, pamoja na kuzima. Sehemu ya kuanikia nguo na mlango wa jikoni havina kamera. Geti lina kamera, njia ya gari inayo, na ukuta wa nyuma unaopakana na kiwanja kitupu unayo. Basi. Mafundi watakuambia nyumba kama yako inataka kamera nane. Nyumba inataka kamera pale mtu anapoingilia.

Tena hapo hapo, angalia akaunti imesajiliwa kwa jina la nani. Wapo mafundi wanaosajili kamera ya mteja kwenye akaunti zao ili kazi iende haraka, kisha wanakugawia ruhusa ya kutazama. Maana yake ni kwamba fundi anaiona familia yako kutoka kwake. Mwambie aifute mbele yako, usajili upya kwa namba yako, ubadilishe na neno la siri la kiwandani. Hili si woga wa bure. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia duniani kote kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuangusha huduma kubwa za intaneti Marekani, na wenye kamera hawakuwa na habari.

Sasa jirani. Upande wa kushoto kwangu anaishi mama mmoja mtu mzima, mjane, na bafu lake liko nje. Siku ya kufunga, fundi alikuwa juu ya ngazi anafurahia jinsi picha ilivyofika mbali. Nilipoitazama kwenye simu, kona ya kushoto ilionyesha kamba yake ya nguo na mlango wa bafu. Fundi akasema hakuna shida, ni padogo. Nikamwambia ageuze kamera kabla hajashuka. Hata ilipogeuzwa kilibaki kipande cha uwanja wake, kwa hiyo tukatumia ile nafasi iliyomo kwenye mipangilio ya kuziba eneo: unachora kisanduku kwenye picha, na hapo panabaki peusi moja kwa moja, hata kwenye rekodi. Kamera nyingi za sasa zinayo, ila mafundi wachache wanaitaja. Jioni nilikwenda na mke wangu tukampigia hodi. "Shikamoo mama, tumefunga kamera, tungependa uone inachokiona." Akaishika simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akautafuta uwanja wake, akaukuta ni kisanduku cheusi. Akauliza swali moja tu, kama inasikia. Nikamwonyesha sauti imezimwa. Tangu siku ile ndiye anayenipigia simu akiona mtu asiyemjua getini kwangu.

Hilo la sauti alilouliza yule mama ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anajua kwamba akipita barabarani anaonekana. Hategemei kwamba mazungumzo yake na mumewe ndani ya uzio wake yanarekodiwa ukutani kwako. Uingereza, mahakama ya Oxford mwaka 2021 iliamua kesi ya jirani aliyelalamikia kamera na kengele ya mlangoni yenye kamera, na mwenye vifaa akashindwa. Sauti ilichangia sana, kwa kuwa vifaa vilinasa maneno kutoka mbali kupita kiasi. Kwetu Tanzania nako si patupu kisheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Lakini jirani akishafika huko kwenye Tume, ujirani umekwisha. Nenda kwake mapema.

Na mlinzi? Mwambie, dada naye mwambie, kwa mdomo wako, kamera ziko wapi na zinaona nini. Najua watu wanaomwamsha mlinzi saa tisa usiku kwa simu kutoka kitandani: "mbona umekaa?" Mlinzi wa namna hiyo huanza kuilinda kamera badala ya nyumba. Anasimama pale inapomwona, na upande wa giza hauna mtu. Wetu nilimpa namba yangu, tukakubaliana kwamba arifa ikilia usiku mimi ndiye nitakayempigia kumuuliza kuna nini. Anajua kamera iko upande wake, na usiku kuna mwenzake aliye macho.

Kuhusu kusaidia, ndiyo, zinasaidia, ila urefu wa kufunga ndio unaoamua. Mtaa wa pili waliiba pampu ya kisima. Kamera ilikuwa nzuri, tena ghali, lakini imefungwa juu kabisa chini ya paa, na walichopata kwenye rekodi ni kofia na mabega. Uso unaonekana kamera ikiwa mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ardhini, ikitazama mahali ambapo mtu lazima apite, kama mlango mdogo wa geti. Iliyo juu zaidi iache ikuonyeshe uwanja mzima, ila usiitegemee ikutajie mtu.

Usiku una mambo yake. Kamera inaona gizani kwa mwanga wa infraredi inaoutoa yenyewe, na mwanga huo ukigonga ukuta mweupe au ukingo wa paa ulio karibu, unarudi na picha nzima inakuwa ukungu. Wadudu nao wanaufuata, na buibui wanawafuata wadudu. Uzi mmoja wa utando ukipita mbele ya kioo, usiku unaonekana mnene kama kamba ya meli, na ukipepea kidogo tu simu inalia. Kwangu kuna ufagio mrefu kwa kazi hiyo, kila mwisho wa wiki unapita chini ya kamera zote, kisha vioo vinafutwa kwa kitambaa laini chenye maji, maana chumvi ya bahari huku kwetu inaganda. Skrubu chukua zisizoshika kutu. Migomba iliyo karibu na uzio nayo italiza simu kila upepo ukivuma. Kwenye programu, chora eneo ambalo kamera italiza simu ikiona kitu kinasogea, liishie getini, na arifa ziwashe kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri tu. Simu inayolia mchana kutwa kwa ajili ya kuku, baada ya wiki mbili hakuna anayeitazama, na siku ya mtu kweli itapita hivyohivyo.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kamera inayofanya kazi mchana, giza likiingia inazima. Mara nyingi kamera yenyewe ni nzima. Taa zake zinapowaka zinavuta umeme zaidi, na waya mwembamba mrefu wa volti 12 hauufikishi. Kama geti lako liko mbali na nyumba, afadhali mfumo wa kebo ya mtandao inayobeba picha na umeme kwa pamoja, ambao unafika mita 100 bila shida. Kamera za Wi-Fi ni nyepesi kufunga, lakini kuta zetu za tofali zinaumeza mtandao. Simama getini na simu yako ujaribu kwanza kabla hujanunua.

Umeme ukikatika, ruta na mashine ya kurekodia viwe kwenye UPS, ile betri inayoshika umeme unapokatika, kwa sababu giza la mtaa mzima ndilo wanalolisubiri. Ukubwa wa hadidiski ni hesabu ndogo: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban GB 22 kwa siku, kwa hiyo kamera nne zinaijaza TB 1 kwa siku 11 hivi, kisha zinaanza kufuta za zamani. Ukisafiri wiki tatu, ujue hilo. Na ukikaa ofisini ukazitazama moja kwa moja kwa kiwango hichohicho, kila saa, kwa kila kamera, GB moja kasoro kidogo imekwenda kwenye bando lako. Angalia pia saa ya mashine. Nyingi zinakuja na saa ya China, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano. Tukio la saa nane usiku linaandikwa saa moja asubuhi, na polisi wataliuliza hilo kabla ya jingine.

Likitokea la kutokea, nakili kipande chenyewe siku hiyohiyo kwenye flashi mbili, ripoti polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako kituoni, peleka flashi moja, na mashine usiiguse. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, ila uzito wake unapimwa kwa namna ulivyorekodiwa na kutunzwa. Kipande kilichopita kwenye simu za watu kumi hakina uzito huo.

Nakuomba sana, usikitupie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiwa na hasira. Kwetu kuna mtu aliweka video ya kijana anatoka getini kwa jirani yake na mtungi wa gesi begani, ikiwa na maneno "mwizi huyu hapa". Ndani ya muda mfupi vijana walishakusanyika kijiweni na bodaboda mbili zimeondoka kumtafuta. Mama mwenye nyumba akaandika ndani ya kundi kwamba amemtuma yeye akabadilishe gesi, ni mtoto wa dada yake. Kama simu yake ingekuwa haina chaji! Sote tunajua wananchi wenye hasira wanamfanya nini mtu mtaani. Video hupeleki kwa umati. Mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi, waulize kwanza wenye nyumba.

Mengine fundi atakuelekeza. Ila siku ya kufunga mbakizie sehemu ya hela yake, mwambie arudi saa mbili usiku mtazame picha wote watatu, wewe, yeye na shemeji. Kinachotakiwa kugeuzwa kigeuzwe usiku huohuo, ndipo ummalizie.