Kabla hujanunua jumba la Kivictoria huko Wales, omba risiti za ukarabati

Picha za nyumba hizi hupigwa mwezi Juni. Nyasi zimekatwa, waridi limetambaa kwenye ukuta wa mawe, na jua bado lipo saa tatu za usiku. Chini yake dalali ameandika: nyumba ya enzi za Malkia Victoria, imekarabatiwa kwa ustadi, vyumba saba vya kulala, ekari kumi na mbili, mandhari ya milima. Tangu tuhamie Powys, kaunti ya katikati ya Wales, jamaa walioko London, Leicester na Reading hunitumia matangazo ya namna hii kwenye WhatsApp, na swali lao huwa lile lile: mbona bei ya fleti ya London inanunua jumba zima huku?

Inanunua kweli. Ila sehemu nzuri ya gharama huanza ukishakabidhiwa funguo, na ukubwa wake unategemea neno moja kwenye tangazo: "imekarabatiwa". Mimi naishi ndani ya nyumba kama hiyo. Yetu ilijengwa miaka ya 1870, reli ilipokuwa imeshafika katikati ya Wales na wenye migodi ya risasi na viwanda vya sufu walikuwa na fedha za kujionyesha. Naipenda, wala sijutii. Lakini anayenipigia simu kabla ya kununua nitamwambia aache kwanza jiko jipya na bafu lenye marumaru, aende kutazama vile visivyopigwa picha, na kila alichoambiwa kimetengenezwa adai karatasi yake.

Nenda Novemba au Januari, siku ya mvua. Mvua utaipata tu: milima ya Eryri kule kaskazini hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na sisi wa katikati hatulii ukame. Simama nje utazame maji yanakwenda wapi. Gata lipi linafurika, ukuta upi una mstari wa ukoga wa kijani, bomba lipi limezibwa na majani. Kisha ingia ndani unuse. Kunusa ni ukaguzi wa bure. Ukikuta mishumaa ya manukato imewashwa kila chumba mchana kweupe, tilia shaka.

Paa la sleti ya Wales, yale mawe bapa membamba ya kuezekea, ni kitu cha fahari. Machimbo ya Penrhyn na Dinorwig yalisafirisha sleti hadi ng'ambo, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza eneo la sleti la kaskazini-magharibi mwa Wales kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sleti nzuri hupita miaka mia bila wasiwasi. Inayokufa ni misumari. Ikishaliwa na kutu, vipande huanza kuteleza kimoja kimoja, na fundi anayekuja na ngazi kila baada ya dhoruba kurudishia viwili vitatu hajakutengenezea paa. Kwa hiyo uliza: paa lilivuliwa lote likapigiliwa upya, au liliguswaguswa? Mwaka gani? Risiti iko wapi? Mwenye kazi halisi huitoa haraka, tena kwa majivuno.

Kwenye kuta, mtu wa pwani anawazidi wanunuzi wengi wa Kiingereza, maana chokaa anaijua. Mji Mkongwe na Lamu vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la Wales ni jingine, lakini kanuni ni ile ile. Ukuta wa zamani ni mnene, mawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na mchanga, hauna uwazi katikati kama kuta za nyumba za kisasa za Uingereza. Mvua ikipiga, unyevu huingia kidogo. Upepo ukivuma, hutoka, kwa sababu chokaa hupitisha mvuke. Sasa aje mtu "mkarabati" apige saruji nje, na ndani apake lipu ya jasi na rangi ya plastiki. Saruji ni ngumu, ukuta ukicheza kidogo inapata nyufa nyembamba, maji yanaingia humo na njia ya kutokea hayaioni tena. Ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza taratibu bila mtu kujua. Waliokulia Unguja wameziona nyumba za chokaa zilizofunikwa saruji zinavyomwaga lipu mapande kwa mapande. Huku ugonjwa ni huo huo, na baridi inauzidisha.

Jikoni kwetu aliyetutangulia alifanya hivyo hasa. Kila msimu wa baridi doa jeusi lilirudi pale pale, hata upake rangi gani. Kampuni moja ilikuja na kifaa cha kupima unyevu, ikatuandikia bei ya kutoboa matundu na kudunga kemikali. Fundi chokaa wa kijiji cha jirani, mzee wa maneno machache, alizunguka nje kwanza, akatuonyesha kwamba udongo umerundikana miaka na miaka hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Alichimba mfereji kando ya ukuta, akabandua saruji, akauacha ukuta wazi kiangazi kizima, ndipo akapiga lipu ya chokaa tabaka kwa tabaka. Doa halijarudi. Bei yake haikuwa ndogo, na ilibidi tumsubiri, kwa kuwa chokaa haipendi kupigwa wakati baridi imeshuka chini ya nyuzi joto 5. Mafundi wa aina hii ni wachache na msimu wao ni mfupi, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Njia rahisi ya kupima: chukua ufunguo, ukwangue kidogo kiungo cha mawe mahali pasipoonekana. Chokaa ni laini na nyeupe-nyeupe. Saruji ni kijivu na itakukwaruza ufunguo. Mwenyewe akikasirika kwa hilo, nalo ni jibu. Na kodi mkaguzi wa majengo mwenye uzoefu wa nyumba za kabla ya 1919. Huyo wa ukaguzi wa benki anaikagua nyumba kwa ajili ya benki.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu huisahau. Nyumba nyingi za aina hii ziko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, ambayo Wales inatunzwa na Cadw, idara ya urithi ya serikali ya huko, kwa daraja la I, II* na II. Ulinzi hauishii kwenye sura ya mbele. Unashika ndani na nje, ngazi, milango, hata ghala la uani likiwa la kabla ya Julai 1948. Kubadilisha bila kibali cha mamlaka ya mipango ni kosa la jinai, na amri ya kurekebisha humfuata mwenye nyumba wa sasa, hata kama aliyeng'oa madirisha ya mbao akaweka ya plastiki ni mtu aliyekwisha kuuza na kuondoka. Haina kikomo cha miaka. Nyumba iliyokarabatiwa vizuri bila vibali inaweza kukugharimu kuliko gofu. Wakili wako alinganishe kila badiliko unaloliona na kibali chake.

Popo nao. Wakilala darini, wana ulinzi wa sheria, na kazi ya paa inangoja leseni ya Natural Resources Wales. Usiwafukuze, panga nao.

Vijijini gesi ya bomba ni nadra. Wengi wetu tunapasha nyumba kwa mafuta, na mafuta yenyewe ni mafuta ya taa, yale yale ya nyumbani, yanaletwa na lori hadi kwenye tangi. Uliza tangi hujazwa mara ngapi kwa mwaka. Maji yanaweza kutoka kwenye chemchemi au kisima chako. Omba majibu ya vipimo vya halmashauri. Tangi la maji taka linatakiwa liwe limesajiliwa.

Tuje kwenye ardhi, ambayo ndiyo inayowapofusha watu. Shemeji yangu alipoziona ekari alisema, "Si tutalima mahindi humu?" Shemeji, huku juu, kwa mvua na udongo huu, kinachostawi ni majani na kondoo. Na majani yasipoliwa, ndani ya misimu michache kangaga na miiba vimeteka kilima. Dawa ni jirani mfugaji: mpe alishe kwa mkataba wa muda mfupi ulioandikwa na wakili, maana maneno ya getini yanaweza kugeuka haki ya upangaji. Ukitaka kondoo wako mwenyewe, hata mmoja, sharti uwe na namba rasmi ya shamba. Uliza kila uzio ni wa nani kuutengeneza. Uliza pia kama njia ya umma ya miguu inapita uani kwako. Ikiwa imo kwenye ramani ya halmashauri, huifungi, na wapita njia watakupungia mkono ukiwa unakunywa chai. Katikati ya Wales kuna mashimo ya migodi ya zamani ya risasi, kwa hiyo upekuzi wa rekodi za migodi usiukwepe kwa kubana matumizi.

Wanaopanga kuifanya nyumba ya wageni wa likizo wajue kwamba tangu Aprili 2023, ili itozwe kodi kama biashara, lazima iwe inapatikana kwa siku 252 na ipangishwe kweli siku 182 kwa mwaka. Ukishindwa, inarudi kwenye kodi ya halmashauri, na nyumba ya pili inaweza kuongezewa hadi asilimia 300. Wenyeji wana sababu zao, vijana wao wamekosa pa kuishi. Ukija, njoo kuishi, ujifunze Kiwelsh cha salamu.

Na hili nawaambia hasa wanaotaka kuchanga kama ndugu. Kodi ya ununuzi wa nyumba Wales hukusanywa na mamlaka ya mapato ya Wales tangu Aprili 2018, na haina nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza. Kuna viwango vya juu kwa mwenye nyumba nyingine, na nyumba hiyo nyingine huhesabiwa popote ilipo duniani, ikiwa sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi. Ile uliyomjengea mama Kigamboni au Nyali, hati ikiwa kwa jina lako, imo. Mkinunua watano na mmoja tu ana nyumba kama hiyo, kwa kawaida viwango vya juu hupigwa kwenye bei yote. Mwambieni wakili kabla ya kutaja bei kwa dalali.