Dada Anasema Niliimbiwa, Mimi Nakumbuka Nilisahauliwa

*Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao natimiza miaka 50. Wanangu wameamua kunifanyia sherehe, na mkubwa wao anakusanya kumbukumbu: kila ndugu na rafiki aandike kuhusu siku moja ya kuzaliwa kwangu anayoikumbuka. Zitasomwa mbele ya wageni, kisha zitiwe kwenye albamu. Juzi kanionyesha aliyoandika dada yangu, ambaye amenizidi miaka mitano. Dada kachagua siku nilipotimiza 10. Anasema ilikuwa Jumapili, Mama alinishonea gauni la njano lenye mifuko, nyumba ikajaa watoto, nikaimbiwa mpaka nikalia kwa furaha. Anasema hata picha ipo, nimesimama mbele ya keki, iko kwenye sanduku la Mama.*

*Shangazi, siku ile naijua kama kiganja changu. Nilikwenda shule na sare yangu, nikarudi mbio, nikakaa kizingitini nikingoja mtu aseme neno. Giza likaingia. Hakuna aliyesema. Nililala nimejifunika gubigubi. Nimeibeba siku hiyo miaka 40. Nilipompigia dada, alicheka: "Wewe uliota." Mama yupo, ana miaka 78, na siku hiyo atakaa meza ya mbele. Nimefikiria kumuuliza palepale, mbele ya wote, ukweli ni upi. Au nivunje sherehe yenyewe. Nishauri.*

*Niliyengoja Kizingitini*

Marahaba, mwanangu. Usimuulize mbele ya watu, na sherehe usiivunje. Hayo nimeyatanguliza ili ukiacha kusoma hapa uwe umepata jibu.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya kusoma barua yako. Ulikuwa umeniandikia tarehe yako kamili (sitaitaja), basi nikafungua kalenda ya simu nikairudisha nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka ile siku uliyotimiza 10. Haikuwa Jumapili. Dada amekosea. Lakini haikuwa Jumatatu wala Alhamisi pia. Ilikuwa Jumamosi.

Kama shule yenu ilifundisha Jumamosi, nisamehe, hoja yangu kwako imeanguka na ya dada yako imebaki. Kama haikufundisha, basi nyote wawili mmekuwa mkiapa kwa siku ambayo haikuwapo, angalau haikuwapo kwa namna mnavyoisimulia. Nilicheka kidogo, nakiri. Kisha nikaacha, maana nilikumbuka kwamba wewe hukuniandikia ili uchekwe mara ya pili.

Kuna uchunguzi mmoja ambao naurudia kila ndugu wanapogombania kumbukumbu. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu karatasi waandike: ulisikia habari ile ukiwa wapi, uko na nani, ulikuwa unafanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwapata 44 kati yao wakawauliza upya. Watatu tu walisimulia mambo yote makuu kama walivyoandika mwanzo. Kumi na mmoja hawakupatia hata moja. Na si kwamba walikuwa wakibahatisha. Wengi walikuwa na hakika kabisa. Walipopewa karatasi zao wenyewe, walikubali kuwa mwandiko ni wao, na bado baadhi yao wakashikilia kwamba masimulizi yao mapya ndiyo ya kweli.

Hiyo ni miaka miwili na nusu, tena kwa watu wazima. Ninyi mna miaka 40, na mmoja wenu alikuwa mtoto wa miaka 10.

Siku za kuzaliwa ndizo hasa zinazotuchanganya. Ajali hutokea mara moja. Siku ya kuzaliwa hurudi kila mwaka na vitu vilevile: wimbo uleule, mishumaa, watoto wale wale wa jirani, mtu wa kuzima taa. Akili haihifadhi kila mwaka kwenye mkoba wake. Huchukua gauni la mwaka mmoja, wimbo wa mwaka mwingine, kizingiti cha mwaka wa tatu, ikavishona pamoja, na namba iliyo rahisi kukumbukwa ikawa ndiyo jina la vazi zima. Kumi ni namba rahisi. Nani atasimulia "siku nilipotimiza miaka 11"? Na kama picha ipo sandukuni na imetazamwa mara nyingi, huenda dada yako siku hizi anaikumbuka picha zaidi ya anavyoikumbuka siku yenyewe.

Wachunguzi wa mambo haya wanasema pia kwamba mtu aliyepita miaka 40, ukimwomba asimulie maisha yake, hurudi zaidi kwenye miaka yake kati ya 10 na 30. Wewe ulikuwa na 10, yeye 15. Ndiyo maana mnaona wazi hivyo, kila mtu na rangi zake. Kuona wazi, hata hivyo, si sawa na kuona sawasawa.

Sasa ngoja nikushike mkono, maana najua hapa utasema Shangazi naye ananiambia niliota. Sikuambii hivyo. Naamini kabisa kwamba kuna mtoto aliyekaa kizingitini mpaka giza likaingia. Labda alikuwa anatimiza 9, labda 11, labda kweli 10 na sare ilikuwa bado mwilini kwa sababu nyingine. Tarehe imekosewa; kungoja hakukukosewa. Watoto hawajitungii kizingiti. Kwa hiyo dada yako, nadhani, ana kosa kubwa kuliko la Jumapili, nalo ni kile kicheko. Mtu akikuambia alilia, huanzi na kalenda. (Ndiyo, najua mimi nimeanza nayo. Lakini mimi sikulelewa nawe nyumba moja.)

Mpigie tena. Usijadili gauni. Mwambie hivi: "Dada, sikupigi ili nishinde. Kuna mwaka nilingoja na hakuna aliyekumbuka. Ulipocheka nimeumia upya." Halafu nyamaza umsikilize. Inawezekana sana kwamba wimbo ule ni yeye aliyeuanzisha, binti wa miaka 15 akiwakusanya watoto wa jirani kwa sababu mdogo wake alikuwa na sura ya kungoja. Kama ndivyo, umemfuta kwenye hadithi yake, na yeye amekufuta kwenye yako.

Tuje kwa Mama, maana barua yako ni yake kuliko ilivyo ya dada.

Piga hesabu nami. Ana 78, wewe karibu 50: alikuzaa akiwa na miaka 28. Ulipotimiza 10, alikuwa na 38. Wewe leo umemzidi yule mwanamke kwa miaka kumi na miwili. Yule unayetaka kumsimamisha mbele ya wageni ni mdogo wako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: hujui mwaka ule alikuwa na deni gani, na ugonjwa gani, alikuwa amegombana na nani, alikuwa na mimba ipi iliyoharibika ambayo hakumsimulia mtu. Na huenda hakukuwa na lolote kati ya hayo. Huenda alisahau tu, kama watu wanavyosahau.

Hili naliandika kwa tabu. Mwanangu wa pili alipotimiza miaka 7, nilisahau. Sikuwa na msiba wala njaa. Nilikumbuka siku ya tatu yake, nikiwa nimeinamia fomu fulani, pale penye tarehe kalamu ikasimama. Nilinunua zawadi nikampa bila kueleza kitu, naye akaipokea bila kuuliza kitu. Sasa ana miaka 36. Sijui kama anakumbuka. Sijawahi kumuuliza, na si kwa kukosa nafasi. Kwa hiyo ninapokushauri namna ya kumwendea mama aliyesahau, fahamu kwamba ninakuonyesha pia mlango ambao mimi ningependa nigongewe.

Usiingie na "mbona ulisahau." Swali hilo lina hukumu ndani yake, na mtu aliyebanwa ukutani hajibu, hujitetea. Ukilisema mbele ya meza ya mbele na wajukuu wakimtazama, utapata ama uongo wa heshima ama machozi, na albamu yako itakuwa na ukurasa ambao hakuna atakayetaka kuufungua.

Nenda kabla ya sherehe, mkiwa wawili tu, asubuhi, saa ambazo wazee wengi huwa na nguvu. Umuulize kuhusu siku moja ambayo wewe huna ubishi nayo kabisa, ile uliyozaliwa. Ulikuwapo, na hujui lolote. Watu wazima kwa kawaida hawana kumbukumbu za kabla ya miaka mitatu hivi. Ya kuzaliwa hana mtu. Miaka yote hii umekuwa ukisherehekea tarehe uliyoambiwa, na aliyekuambia yupo hai. Dada yako alikuwa na miaka mitano, labda ana kipande. Mama ndiye mwenye siku nzima.

Muulize ilikuwa saa ngapi. Nani alikuwa naye. Alikuwa anafanya nini uchungu ulipoanza. Nani wa kwanza kukupakata, jina lilitoka kwa nani, na kulikuwa na jina jingine lililokataliwa? Akikubali, rekodi kwenye simu, uiweke kando asiione ikimkodolea. Mwache apotee njia. Wazee wakisimulia hupita vichochoroni, na huko ndiko kwenye mambo.

Akifika mwenyewe kwenye utoto wako, muulize kwa upole: "Mama, mwaka nilipokuwa natimiza kumi, tulikuwa tunaishije?" Utasikia alivyokuwa anaishi mwanamke wa miaka 38. Halafu, kama bado kifua kinakuelemea, sema mara moja na uache: "Kuna mwaka nilingoja kizingitini, Mama. Sikuwahi kukuambia." Hapo hujamshitaki. Umempa kitu ulichokibeba peke yako tangu utoto. Akisema "nilisahau, mwanangu," usimsaidie kumaliza sentensi. Akisema hakumbuki, kwa miaka 78 hilo nalo ni jibu, na si lazima liwe la kukwepa.

Kuhusu sherehe yenyewe nitakuwa mfupi. Kuna utafiti wa Adam Alter na Hal Hershfield, uliochapishwa mwaka 2014, unaosema watu wenye umri unaoishia na 9 hujiuliza zaidi kama maisha yao yana maana. Sipendi kuutegemea sana, lakini wewe bado una 49 kwa wiki kadhaa, na barua yako ina harufu hiyo: mtu anayefunga hesabu na anataka kila ndururu ionekane ilikokwenda. Kiswahili chetu kinasema vizuri, kutimiza. Siku hiyo mwaka wa 50 unakuwa umekwisha, na wewe unaingia wa 51. Umeishi siku 18,262 au 18,263, kutegemea miaka mirefu iliyoangukia katikati. Usikubali moja kati ya hizo ikunyang'anye nyingine, hasa siku ambayo hata jina lake la juma mmelipoteza.

Mwambie mwanao akuonyeshe kumbukumbu zote kabla. Atasema unaharibu mshangao. Mishangao, kwa maoni yangu ya muda mrefu, hufurahiwa zaidi na wanaoiandaa. Mwenye miaka 50 ana haki ya kujua nini kitasomwa kumhusu akiwa amekaa kwenye kiti cha mapambo bila pa kukimbilia. Aliyoandika dada yasisomwe kwenye kipaza sauti, kwa sababu utalazimika kutabasamu kwa jambo usiloliamini, na wewe si mtu wa kuficha, nimeona kwenye barua. Ila yasitupwe. Andika na wewe ya kizingiti, ukurasa mmoja, bila kumjibu. Ziwekwe kwenye albamu zikitazamana, kila moja na jina la aliyeiandika. Wajukuu watakuja kuuliza ipi ya kweli, na watakuwa na bibi wawili wa kuwasimulia.

Na ukiwa huko kwa Mama, mwombe afungue lile sanduku. Kama picha ipo, geuza nyuma usome kama kuna tarehe, lakini kumbuka ile iliyochapwa ukingoni mwa picha za zamani mara nyingi ni ya siku iliyosafishwa, si iliyopigwa. Filamu ilikuwa inaweza kukaa kwenye kamera miezi. Kisha igeuze tena. Gauni liache kwanza, liwe la njano lisiwe. Tazama keki, uhesabu mishumaa.