Namba kubwa ikikusumbua, usikimbilie kugawa

Nikiwa kidato cha tatu nilikaa Jumamosi nzima na kauntabuku nagawa 4,294,967,297. Nilikuwa nataka kujua kama ni namba tasa, na njia niliyokuwa naijua ni moja tu, unajaribu namba tasa zote mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili. Sawa, ila kipeuo cha hii ni 65,536 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Nilifika mia tatu na kitu mkono umechoka, nikaandika "ni tasa" nikalala. Ilikuwa sio tasa.

Siku hizi nafundisha tuisheni, na wanafunzi wangu nawaambia hivi: namba isipogawanyika kwa vidogo hiyo haijathibitisha kitu. Hata Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, aliteleza hapo hapo. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote tasa, na zote zinatoka kwenye kanuni moja (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ongeza 1), akaamini na inayofuata itakuwa hivo hivo. Inayofuata ndo hii yangu, yaani 2 kipeo cha 32 ongeza 1.

Vidogo viondoe haraka. Mwisho ni 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zinajumlika 59, 3 haimo. Afu kuna hii ambayo naipenda sana, kata namba tatu tatu kuanzia kulia, toa na jumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 inakuja −380. Na 380 haigawanyiki kwa 7 wala 11 wala 13, umemaliza zote tatu kwa mpigo mmoja, kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1001.

Sasa hapa ndo penyewe. Kabla hujaendelea kugawa jiulize namba yako imetengenezwaje, maana umbo lake linakwambia vigawo vyake vikoje. Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1. Basi zile elfu sita na zaidi zinapukutika, unaanza 193, unakuja 257, 449, 577, halafu 641, na 641 inaingia! Mwaka 1732 hiyo, kwa kalamu tu: 641 × 6,700,417. Mimi Jumamosi yangu yote ilikuwa ni kugawa mara tano.

Na unaweza kuhakikisha bila kugawa kabisa. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Ile ya pili izidishe kwa 2²⁸ upate 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Ya kwanza inakwambia 5 × 2⁷ imepungua 1 kufika 641, yaani kwa 641 ni kama −1, na −1 kipeo cha 4 ni 1, kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ − 1 nayo inagawanyika kwa 641. Toa moja kwenye nyingine, inabaki 2³² + 1. Nilivyoiona mara ya kwanza niliirudia ubaoni mara tatu kwa furaha.

Kama unataka zoezi, thibitisha kwamba 6,700,417 ni tasa. Tumia kanuni ya Lucas, mwanahisabati Mfaransa, ya 1878, aliyebana zaidi ile ya Euler: kigawo tasa ukikigawa kwa 128, sio 64 tu, lazima kibaki 1, na kwa kuwa kipeuo chake hakifiki 2,589 unabaki na za kujaribu tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409.