Mwanangu, uliuliza kama niliamini au nilichoka

Arusha, Jumapili, 18 Septemba 2022

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinifikia Jumanne ile ya kuapishwa Rais Ruto huko Kenya, watu wakisukumana kwenye mageti ya uwanja wa Kasarani na mimi nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Uliuliza mambo mawili. La kwanza: "Mama, uliyaamini matokeo, au ulichoka tu kugombana na watu?" La pili: "Kama mahakama ndiyo mwisho wa maneno, mbona 2007 ulikataa katakata?" Sikukujibu siku ile kwa sababu swali la kwanza lina ule uchokozi wako wa tangu utoto, nikaona heri nipoe kwanza. La pili ni swali la haki.

Acha nianze na yaliyotokea huku, maana najua dada yako amekusimulia nusunusu.

Jumatatu ya tarehe 15 Agosti tulikusanyika Sakina, kwa yule mwenzetu wa duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa runinga yake ni kubwa na umeme ukikatika ana jenereta. Umoja wetu wa Wakenya wa Arusha, karibu wote, ulikuwepo: walimu wenzangu wa shule za Kiingereza, mafundi, madereva wa watalii, wawili watatu wa ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ungeona walivyoketi ungecheka. Fundi magari wetu wa Unga Limited, Mjaluo wa Siaya, na mwenye nyumba, Mkikuyu wa Nyeri, ambao mwaka 2008 walikuwa wakipishana njiani bila salamu, safari hii walibanana kochi moja, wote Azimio, muungano wa Raila, kwa kuwa Uhuru na Raila walikuwa jukwaa moja. Ruto, aliyekuwa upande wa Raila mwaka 2007, ndiye sasa mpinzani. Na vijana wawili wa Kiambu, waliokuja Arusha na biashara ya vipuri, walikuwa dirishani na kofia zao za njano za chama cha Ruto. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba tuligawanyika kikabila, mwambie hakuwepo.

Ya Bomas, ukumbi wa kujumlisha kura, uliyaona mwenyewe. Vurugu jukwaani, viti vikirushwa, makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi wakiibukia hoteli ya Serena kusema hawayatambui matokeo, na Chebukati, mwenyekiti wao, akatangaza hivyo hivyo: Ruto kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Kochi likanyamaza. Dirishani wakaruka juu. Usiku haujaingia sawasawa mtu alishapiga simu ya mbuzi. Hilo liliniudhi kuliko matokeo yenyewe. Kushangilia ni haki yao, lakini ushangilie sebuleni kwa mtu aliyeshindwa, umekalia kiti chake na soda yake mkononi? Mama mwenye nyumba alikusanya vikombe hata ambao hawajamaliza chai. Nilimwelewa kabisa.

Wiki iliyofuata waliokuwa na furaha wakaleta hoja: umoja uandike barua ya pongezi kwa rais mteule, ipigwe mhuri, ipelekwe ubalozini. Katiba yetu inataka saini tatu kwa kila barua, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mweka hazina ndiye mimi. Nikasema sisaini. Katiba ya Kenya inampa anayelalamika siku 7 kupeleka shauri Mahakama ya Juu, na majaji siku 14 kuamua. Zipite, ndipo mniletee karatasi. Nikaitwa Azimio wa chinichini. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba, Jaji Mkuu Koome akisoma, wakasema matokeo yamesimama. Barua ikaletwa, nikasaini. Nikaitwa msaliti. Fundi magari alikuja mwenyewe hadi mlangoni na kadi yake ya michango. Alikuwa amelipa mwezi wote wa Septemba, shilingi kwa shilingi, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: NIMETOKA.

Hapo ndipo uliposikia, ukadhani mama yako amechoka.

Nilimpigia Raila kura, hilo halina siri. Nilipiga huku huku Tanzania, karatasi moja tu ya rais, maana sisi wa nje hatupewi gavana wala mbunge. Wapiga kura walioandikishwa mwaka huu ni 22,120,458, na humo sisi wa nje, nchi zote 12 tulizopangiwa vituo, tulikuwa 10,443. Ungetusikia tunavyofoka pale Sakina ungedhani Ikulu imetokana na sisi.

Matokeo niliyaamini, lakini si kwa sababu Chebukati aliyasoma. Mjomba wako alikuwa wakala wa Azimio katika shule ya msingi ya kwetu, na usiku ule wa tarehe 9 Agosti, kura zilipomalizika kuhesabiwa, alipiga picha Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, iliyobandikwa mlangoni. Picha ina kivuli cha kidole chake na wino umevuja kidogo penye saini ya wakala wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Akanitumia. Kesho yake nikaifungua tovuti ya tume, nikatafuta kaunti, jimbo, wadi, kituo, nikaikuta. Ni fomu ile ile, wino umevuja pale pale. Nikaandika namba zake pembeni ya ile ya mjomba wako: ni zile zile. Kisha nikawaambia watu wa umoja, kila mmoja atafute kituo cha kwao, na mwenye ndugu aliyepiga picha mlangoni alinganishe. Vituo vilikuwa 46,229 na karibu fomu zote zilikuwa pale wazi, mtu yeyote ajumlishe, hata mwenye simu ya bei ndogo. Waliojaribu ni wachache. Wengi walipenda zaidi kubishana, na katika hao wachache hakuna aliyeniletea fomu iliyotofautiana.

Halafu kuna ile hoja ya asilimia 100.01, ambayo fundi aliishika kama rungu. Makamishna wanne walisema asilimia za wagombea zikijumlishwa zinazidi mia kwa 0.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Mwanangu, mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Kura halali zilikuwa 14,213,027. Asilimia moja yake ndiyo kama 142,000. Asilimia 0.01 ni kura kama 1,421, na hata hizo si kura za mtu. Ruto 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23. Chukua kura zenyewe ugawanye, utaona zote nne zimekadiriwa kwenda juu: 50.4899 ikawa 50.49, 48.8491 ikawa 48.85, na nyingine vivyo hivyo. Ukikadiria juu mara nne, mia inapita kidogo. Swali hili nawapa watoto wa darasa la saba na wanalipata. Nilimfanyia fundi hesabu hiyo nyuma ya kitabu cha risiti, hatua kwa hatua, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni safi, lakini kura zimeibwa." Hapo sikuwa na la kuongeza.

Usinielewe vibaya, maswali ninayo. Tume ya watu saba inawezaje kufika siku ya kutangaza na wanne hawajui mwenyekiti ameshika nini? Na waliotaka kuwashawishi makamishna usiku ule, watajibu lini? Lakini kuwa na swali si kuwa na ushahidi, na waliosema wana ushahidi walipewa ukumbi wa kuuonyesha. Masanduku ya vituo 15 yalifunguliwa yakahesabiwa upya. Hakuna kilichobadilika cha kumgeuza mshindi.

Sasa 2007. Ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba Krismasi ile hatukurudi nyumbani. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba, na jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa kwenye bustani ya Ikulu, giza linaingia. Fomu gani ningelinganisha? Hazikuwepo za kuonekana. Mahakama ya Juu yenyewe haikuwepo, ililetwa na katiba ya 2010. Siku chache baadaye Kivuitu, mwenyekiti wa tume aliyetangaza, akaulizwa kama Kibaki alishinda, akasema hajui. Aliyetangaza hajui, mimi nikubali nini? Na tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza baadaye ilisema vitabu vimechafuka kiasi kwamba hakuna awezaye kusema nani alishinda. Kwa hiyo la 2007 ningelikataa tena hata leo.

Ila kukataa kwangu kulikuwa na mpaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wamejificha ndani. Mji huu tunaoishi ulikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale kituo cha mikutano cha AICC. Machi mwaka huo huo iliamuliwa humo rufaa ya padri ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia humo mwaka 1994. Kifungo cha miaka 15 kikawa cha maisha. Nilikuwa napita pale nikienda kazini, magari ya Umoja wa Mataifa yamepangwa, na kwenye umoja wetu kuna mtu mzima anasema "wa Kiambaa walijitakia." Nilimwambia atoke nje, naye akatoka. Wewe unaniuliza kama nachoka kugombana. Siku ile sikuchoka.

Waliotupatanisha, ukumbuke, walikuwa pamoja na hawa wenyeji wetu. Mkapa alikaa na Kofi Annan na Graça Machel, na Kikwete akafika Nairobi muda mfupi kabla ya Kibaki na Raila kutia saini tarehe 28 Februari. Watanzania hutukumbusha jambo hilo kila tukijidai.

Nakuja 2017, maana hapo ndipo penye jibu langu. Tarehe 1 Septemba mwaka ule Jaji Mkuu Maraga na wenzake, wanne kwa wawili, walifuta ushindi wa Uhuru dhidi ya Raila. Mahakama iliagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikufanya hivyo. Fundi magari alifunga gereji mchana kweupe akanunulia soda kila aliyepita. Hatukusema majaji wamenunuliwa. Tulisema Afrika itazame! Mimi mwenyewe nilisema, mbele ya watu, kwamba tangu leo mgombea wangu akishindwa na mahakama hii ikathibitisha, nitakubali. Mwongozo wa kusahihisha unaandikwa kabla ya mtihani, mwanangu. Ukiuandika baada ya kuona nani kafeli, huo ni upendeleo, hata kama aliyefeli ni mtoto wako.

Ndiyo maana nilisaini. Sikusaini kwa kupenda. Ile barua ina maneno "kwa furaha kubwa", nikayakata kwa kalamu, nikaandika "kwa heshima." Katibu alinuna lakini ikaenda hivyo.

Mwalimu mwenzangu wa Uraia, mama wa Machame, alifuatilia kesi yote na sisi chumba cha walimu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mawakili wakikatizana yeye anacheka. Siku ya hukumu akasema, "Nyie mnapigana hata mkishapewa jaji. Sisi ibara ya 41 fungu la 7 inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza." Fundi alikuwepo, alikuja kurekebisha basi la shule. Akainama kwenye injini yake. Sijui alifikiri nini, lakini alisikia.

Kuhusu umoja, hali si nzuri. Michango imepungua, na wenye kofia za njano wameacha kuniita Azimio, sasa wananiita "mama wetu," jambo ambalo silitaki pia. Kenya Kwanza siwadai urafiki. Nawadai bei ya unga waliyoahidi, na nitawadai kwa sauti.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwenyekiti anataka jina la fundi lifutwe ili mfuko wa misiba usimhesabu. Nimemjibu kwamba katiba yetu inasema mwanachama anaondolewa akipitisha miezi mitatu bila mchango, na haisemi lolote kuhusu kalamu nyekundu. Alilipa Septemba. Kwa hesabu yangu ana mpaka mwisho wa Desemba, na tayari nimemwandikia hivyo kwenye kadi yake, nikairudisha gereji.

Ukija Krismasi pita Namanga mapema, foleni huanza asubuhi.

Mama yako